Katriji ya Kujijazia Nyumbani: Kukijua Kijazio Kibaya kwa Dalili Zake

Miezi michache iliyopita kijana mmoja wa Likoni alivuka feri akaja mpaka kwenye meza yangu ya ufundi, Mwembe Tayari hapa Mombasa, akiwa na sigara ya kielektroniki ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa na ladha ya kandambili iliyotupwa kwenye makaa. Niliifungua katriji yake, yaani kile kijichupa cha majimaji, kwa kibano mbele ya macho yake. Hapakuwa na pamba ndani. Palikuwa na kipande cha sponji ya manjano kilichokatwa kwa wembe, na upande wake uliogusa koili, yaani waya unaopashwa moto na betri, ulikuwa umeyeyuka ukawa utomvu wa kahawia, unaonata na kuvutika kama kashata ambayo sukari yake haijakauka. Nilipougusa kwa ncha ya kibano na kuuvuta, ulitoa uzi mwembamba wa urefu wa kidole kabla ya kukatika. "Nilikitoa kwenye mto wa kochi, ami," aliniambia, "lakini nilikiosha kwanza kwa sabuni." Alikuwa ameuvuta mvuke wa kitu hicho kwa majuma mawili.

Tangu siku hiyo nimefungua katriji nyingi za kujijazia, na nimesadiki kwamba malalamiko mengi ambayo watu huyatupia betri au koili huanzia kwenye kijazio, yaani kile kitu laini kinachoshika majimaji na kuyapeleka kwenye waya wa moto. Kijazio kikiwa kibaya hutoa dalili, na dalili hizo, ukizisoma kwa utulivu, hukueleza ni kitu gani kimo ndani kabla hata hujafungua. Haya ninayoyaandika yanawahusu watu wazima ambao tayari wanatumia vyombo hivi na wanajijazia wenyewe. Asiyevuta asianze, kwa sababu nikotini humfanya mtu kuwa mtumwa wake upesi, na hakuna kijazio kinachoweza kuugeuza mvuke kuwa hewa safi. Aliye na umri wa chini ya miaka 18 hahusiki kabisa, na sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia bidhaa za tumbaku.

Mfano wa koroboi

Aliyewahi kuwasha koroboi anakijua kiini cha jambo hili. Utambi wa koroboi ni uzi wa pamba tu, na pamba huungua. Lakini maadamu mafuta yanapanda, mwali hula mafuta na utambi hubaki. Mafuta yakiisha, ndipo utambi wenyewe unapoanza kuliwa, na nyumba nzima hujaa harufu ya kitambaa kilichoungua. Katriji ni hivyo hivyo. Majimaji yake kwa kawaida ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, inayochemka kwenye digrii 188 za Selsiasi, na glisirini, inayochemka kwenye digrii 290 ikiwa haina maji. Kijazio kikiwa kimelowa, joto la pale koili inapokigusa hushikiliwa karibu na kiwango cha kuchemka cha mchanganyiko huo, kwa kuwa nguvu ya betri hutumika kuyageuza majimaji kuwa mvuke. Kikikauka, hakuna tena cha kulizuia joto, na waya hupanda mamia ya digrii kwa muda wa pumzi moja.

Kutokana na hilo yafaa kuulizwa maswali mawili kuhusu kila kijazio, na watu wengi huuliza la kwanza tu. La kwanza ni kitu chenyewe: kimetengenezwa kwa nini, na joto hukifanya nini? La pili ni mahali pake: kinagusa koili, au kimekaa mbali nayo? Sigara za kielektroniki za mwanzo, za mtindo ulioanzia China mwaka 2003 kwa ubunifu wa mfamasia Hon Lik, zilikuja kuwa na katriji iliyotenganishwa na koili. Kijazio kilikuwa akiba tu, mfano wa sifongo linaloshika maji ndani ya sahani, na majimaji yalihamia upande wa moto kupitia daraja dogo la wavu wa chuma. Kwa mpangilio huo nyuzi za poliesta zilivumilika. Baadaye zilikuja katriji ambazo koili imo ndani yake, ikizungukwa na kijazio kila upande, na hapo kitu kile kile kilichokuwa kikikaa salama kwenye akiba kikajikuta kiko motoni. Poliesta huyeyuka kati ya digrii 250 na 260 hivi. Linganisha na glisirini: majimaji yenye glisirini nyingi yanaweza kuchemka karibu na kiwango hicho, kwa hiyo poliesta inayogusa koili haina usalama wa kutegemea hata ikiwa imelowa chepechepe.

Ndiyo maana ninapoulizwa kijazio gani ni salama, hujibu kwamba kinachogusa koili lazima kiwe kitu kisichoyeyuka, kisichopakwa dawa na kisichomwaga vumbi. Kwa mtu anayejifanyia nyumbani, kitu hicho ni pamba safi ya hospitali. Pamba nayo ina kikomo chake, kwani joto likipita digrii 200 hivi ikiwa kavu huanza kugeuka kahawia na kutoa moshi mkali. Hata hivyo haidondoki matone ya plastiki, na harufu yake ya kuungua hukuonya mapema uache kuvuta.

Vipimo viwili kabla ya kujaza

Dalili nyingi nitakazozieleza zingezuiwa na vipimo viwili vinavyochukua dakika tano, na ambavyo fundi yeyote wa nguo wa Biashara Street anavijua kwa sura nyingine. Cha kwanza ni cha moto. Chukua uzi mmoja au kishada kidogo cha kijazio, kishike kwa kibano juu ya sufuria yenye maji, nje ya nyumba, kisha kisogeze kwenye mwali wa kiberiti bila kuunusa moshi wake kwa karibu. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu jepesi la kijivu linalosagika kwa kidole. Poliesta na nailoni hujikunyata zikiukimbia mwali, huyeyuka, hudondoka, na zikipoa huacha kitone kigumu kama ushanga. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Kitu ambacho hakiwaki kabisa, bali hung'aa na kubaki kama kilivyokuwa, ni nyuzi za kioo au jamii yake, na hicho nitakirudia.

Kipimo cha pili ni cha maji. Dondosha kitonge cha pamba kwenye bilauri ya maji safi bila kukiminya. Pamba ya hospitali iliyosafishwa ipasavyo huzama ndani ya sekunde 10. Hicho ndicho kiwango wanachokitumia hata wakaguzi wa dawa. Ikielea, ama bado ina nta yake ya asili, ama si pamba. Kipimo hiki ni muhimu zaidi kwetu watu wa pwani kwa sababu ya sufi, ile inayofanana na pamba itokayo kwenye mti wa msufi. Magodoro na mito mingi ya zamani imejazwa sufi, na kwa jicho mtu anaweza kudhani ni pamba nyeupe nzuri kuliko ya dukani. Lakini unyuzi wa sufi uko wazi ndani kama mrija na una nta juu yake. Huelea kiasi kwamba zamani ulijazwa kwenye majaketi ya kuokolea baharini. Kitu kinachoyakataa maji namna hiyo hakiwezi kuwa utambi mzuri, tena ni chepesi kuruka hewani na chepesi kushika moto. Sufi ibaki kwenye mto.

Dalili: ladha ya plastiki, au utamu mkali wa dawa kooni

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote za kinywani, na jibu lake si kuongeza majimaji wala kupunguza nguvu ya betri. Acha kuvuta, fungua, toa kijazio chote, na koili iliyoshikwa na utomvu itupe badala ya kuikwangua.

Sababu ya kwanza ni sponji. Ile ya makochi na magodoro ni poliyurethani, na ikipashwa moto huvunjika na kutoa gesi, miongoni mwake isosianati, ambazo zinajulikana kuwa chanzo kikubwa cha pumu kwa wafanyakazi wa viwandani. Ikiungua hutoa pia gesi ya sianidi na monoksidi ya kaboni. Kuiosha kwa sabuni, kama alivyofanya yule kijana, huondoa jasho na vumbi la kochi, lakini hakuibadilishi sponji yenyewe. Sponji ya kuoshea vyombo ni ndugu yake, na mara nyingi ina gundi ya kushikilia ule upande mkwaruzo.

Sababu ya pili huwashangaza watu wengi, nayo ni kichungi cha sigara ya kawaida. Nimewakuta watu wakikichana na kukijaza katika katriji, wakiamini kwamba kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuvutia moshi hakiwezi kuwa kibaya. Kinafanana na pamba, lakini ni selulosi asetati, yaani aina ya plastiki, na kilikusudiwa kukaa kwenye ncha ya mdomo mbali na moto. Kikigusa koili hulainika na kuharibika. Vivyo hivyo vipande vya kupakulia vipodozi na kusafishia uso vinavyouzwa kama pamba: vingine vina poliesta ndani yake, na kipimo cha kiberiti hukuambia ukweli papo hapo. Mfuko wa majani ya chai, ambao wengine huukunja na kuusokota, unaweza kuwa karatasi ya nyuzi za mimea iliyochanganywa na polipropilini ili uzibwe kwa joto, na polipropilini huyeyuka mapema sana, karibu na digrii 160.

Ikiwa katriji yako ni ya mtindo wa zamani na kijazio cha poliesta kimekaa mbali na koili, bado ladha ya plastiki inaweza kukupata endapo kijazio kimesukumwa ndani kupita kiasi wakati wa kujaza, kikavuka daraja. Kirudishe nyuma, ukate nyuzi zote zinazochungulia, na ukague kwa tochi kabla ya kufunga. Nyuzi ya poliesta nyeupe ya pazia au ya kujazia wanasesere mara nyingine hupakwa dawa ya kupunguza moto au mafuta ya kuilainisha, kwa hiyo isiyojulikana ilikotoka haifai hata kama akiba.

Dalili: ladha ya kuungua, kikohozi kikavu, mvuke mdogo

Hapa kijazio kinaweza kuwa pamba safi kabisa, na kosa likawa ni la mkono uliojaza. Nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko yote. Mtu hufikiri kwamba pamba nyingi hushika majimaji mengi, kwa hiyo hushindilia kama anayejaza mto. Lakini majimaji hupita katikati ya nyuzi, katika nafasi ndogo ndogo, na ukizibana nafasi hizo huwezi kuyategemea yapande. Koili hukauka katikati ilhali pamba ya pembeni imelowa, na mtu akiibonyeza kwa kidole huona unyevu, akakata shauri kwamba kosa ni la koili.

Kiasi cha kufaa ni hiki: pamba ipite ndani ya koili kwa kugusa kuta zake bila kuuburuta waya, kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano linaloutosha, na ile inayobaki nje itandazwe, isikunjwe fundo. Kisha ilowanishwe kwanza kwa matone, na ipewe muda. Dakika kumi za kusubiri kabla ya pumzi ya kwanza zinaokoa pamba nyingi, hasa kwa majimaji mazito yenye glisirini nyingi. Siku za kusi, asubuhi kukiwa na baridi kidogo, glisirini hutembea polepole zaidi kuliko alasiri ya kaskazi, na mtu anayevuta kwa haraka ile ile huishia kuikausha pamba yake.

Ladha ya kuungua ikija baada ya siku kadhaa za matumizi mazuri, tazama rangi. Pamba iliyogeuka kahawia pale pale ilipogusa koili, na waya uliovaa ganda jeusi kama masizi ya chungu, ni dalili kwamba sukari na vitamu vya ladha vimegandamana. Pamba hiyo hutupwa, haioshwi. Inafaa kujua pia kwamba glisirini yenyewe ikichomwa bila maji ya kutosha hutoa akrolini, kitu kile kile kinachoyatia machozi macho mafuta ya kukaangia yanapoungua, pamoja na fomaldehaidi. Kwa hiyo pumzi ya kuungua isivumiliwe kwa sababu chupa imebaki kidogo.

Dalili: kugugumia, kuvuja, matone ya moto ulimini

Tatizo hili ni kinyume cha lile la pamba iliyoshindiliwa: kijazio ni kidogo mno, au hakishiki. Katriji ikigugumia kama kiko cha maji, majimaji yamekusanyika kwenye njia ya hewa, na koili huyarusha yakiwa ya moto. Fungua, pangusa njia ya hewa kwa karatasi laini, ongeza pamba kidogo kwenye kingo, na usijaze mpaka juu, acha nafasi.

Hata hivyo, kabla ya kulaumu pamba, fikiria mahali chombo kilipokaa. Gari lililosimama juani katika foleni ya feri ya Likoni huwa tanuri ndogo, na hewa iliyofungiwa ndani ya katriji hutanuka ikayasukuma majimaji nje, wakati huo huo majimaji yenyewe yakiwa yamekuwa mepesi kwa joto. Katriji iliyovuja baada ya safari namna hiyo, ikapanguswa na ikakaa sawa kivulini, haina ugonjwa. Isitoshe, glisirini na propilini glaikoli huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima. Chupa iliyoachwa wazi usiku kucha dirishani hunywa maji, na maji hayo ndiyo yanayopasuka na kutoa mlio wa mafuta yaliyodondoshewa tone la maji.

Kuna wanaojaribu kutibu uvujaji kwa kijazio kinachonyonya kupita kiasi, kama vile vipande vya nepi za watoto au taulo za kina mama. Ndani yake mna chembe zinazogeuka uteute zikilowa, na zilitengenezwa kushika bila kuachia. Hazitapeleka chochote kwenye koili, na uteute huo ukikauka na kuungua ni plastiki nyingine.

Dalili: koo linawasha, kikohozi cha mara kwa mara hata usipovuta

Mtu mwenye dalili hii aiweke katriji chini kabla ya kuendelea kusoma. Kuwashwa kunaweza kuwa ni nikotini kali au propilini glaikoli nyingi, lakini kunaweza pia kuwa ni nyuzi ndogo ndogo zinazotoka kwenye kijazio na kuingia kifuani.

Namna ninavyokagua ni kutandaza kitambaa cheusi, kile cha buibui hasa kwa kuwa hakina nywele, kukipigapiga kijazio juu yake, kisha kukimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Vumbi na nyuzi zilizokatika huonekana kama chumvi juu ya kiza. Pamba nzuri ya nyuzi ndefu huacha kidogo sana au haiachi kitu. Pamba ya kujazia magodoro ya bei nafuu, ambayo mara nyingi ni matambara yaliyosagwa yenye kila rangi na kila aina ya uzi, huacha zulia.

Vikiachwa vitu vya nguo, hatari kubwa iko kwenye vile visivyowaka. Mtu husikia kwamba kijazio kinachostahimili moto ndicho salama, akaenda kubandua pamba ya kioo kwenye oveni mbovu, au kamba nyeupe kwenye bomba la mvuke la mashine kuukuu. Pamba ya kioo humwaga vipande vinavyochoma ngozi, seuze mapafu. Nyuzi za kauri za kuzuia joto la tanuri zimewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Na kamba ya zamani ya bomba la mvuke, katika mji huu wa bandari wenye mitambo ya miaka mingi, inaweza kuwa asbesto, ambayo hakuna tena shaka juu ya saratani inayoileta. Usiijaribu, usiikate, usiipeperushe.

Tambi za silika, yaani nyuzi za madini ya mchanga, zilizotengenezwa mahususi kwa vyombo hivi ni jambo tofauti, na viwanda vilizitumia kwa miaka mingi. Lakini zikichomwa kwa kiberiti ili "kusafishwa", kama wengine wanavyoshauriana, huwa kavu na kuvunjika. Na isidhaniwe kwamba za kiwandani hazina dosari. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California cha Riverside walichunguza katriji za dukani zenye koili ndani ya kijazio, wakakuta chembe za metali, ikiwamo bati, pamoja na chembe za silikati katika mvuke wenyewe. Kwa hiyo kijazio cha katriji ya dukani iliyotumika kisitolewe kikahamishiwa nyingine.

Dalili: ladha ya dawa, ya chumvi au ya uvundo

Pamba mpya yenye ladha ya dawa huwa na mabaki ya kemikali za kuing'arisha. Ichemshe kwa dakika 10 hadi 15, mwaga maji, irudie kwa maji mapya, kisha ikamue kwa mikono iliyooshwa na uianike kivulini chini ya kitambaa safi. Hapa Mombasa nasisitiza maji. Maji ya kisima katika sehemu nyingi za kisiwani yana chumvi, na ukiyachemshia pamba unaondoa dawa na kuacha chumvi, ambayo itaganda kwenye koili kama inavyoganda ndani ya birika. Tumia maji ya kunywa ya chupa. Yanayouzwa kwa jina la maji ya betri usiyatumie kabisa, kwa kuwa jina hilo hilo kwa mafundi wa magari humaanisha pia asidi.

Ladha ya uvundo, inayokumbusha nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka, ina maana kwamba pamba ilihifadhiwa na unyevu. Ihifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, ikiwa imekauka kabisa, na katriji iliyojazwa ikakaa majuma kadhaa bila kutumiwa ibadilishwe pamba.

Dalili: chombo kinapata moto, betri inajikata

Sababu moja ya kijazio inanitia hofu kuliko nyingine: waya laini wa kusugulia sufuria. Mtu huutia akidhani ni wavu wa chuma. Waya huo ni mwembamba kiasi kwamba ukigusa ncha mbili za betri hushika moto wenyewe, na ndani ya katriji hufanya umeme upite njia fupi, jambo ambalo betri ya lithiamu huweza kulijibu kwa mlipuko. Tenga betri mara moja, iweke juu ya sakafu ya saruji mbali na vitu vinavyowaka, na usiichaji tena mpaka ikaguliwe. Ikiwa imevimba, haina matengenezo.

Dalili za mwili

Kifua kubana, pumzi kuwa fupi, homa, kutapika au kikohozi kinachozidi siku hadi siku havitibiwi kwa kubadilisha pamba. Nenda hospitali. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na ugonjwa wa mapafu uliotokana na uvutaji wa mivuke hii. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa watu 2,807 waliolazwa au kufariki, 68 kati yao wakiwa wamefariki, na mshukiwa mkuu alikuwa vitamini E asetati, kitu cha mafuta kilichotiwa zaidi katika majimaji ya bangi ili kuyafanya mazito. Mafuta yavukizwayo yanaweza kuyadhuru mapafu. Kwa hiyo mafuta ya nazi, mafuta ya karafuu, marashi na arki za keki zenye mafuta zisitiwe kwenye kijazio hata tone, hata kama zinanukia vizuri chetezoni.

Unapokwenda kwa daktari, chukua katriji yenyewe, ikiwa imefungwa katika mfuko wa nailoni, pamoja na chupa ya majimaji na kipande cha kijazio kile kile ambacho hakijatumika. Mweleze bila haya ulijaza nini na ulikipata wapi. Yule kijana wa Likoni nilimfungia sponji yake ndani ya bahasha, nikaandika juu yake kwa kalamu "mto wa kochi, majuma mawili", naye akaenda nayo siku hiyo hiyo.